Kuchapa Samaki kwa Wino: Gyotaku kwa Samaki wa Lamu

Gyotaku ni ufundi wa Kijapani wa kumpaka wino samaki halisi, kumfunika kwa karatasi na kuibandua ikiwa na sura yake: magamba, miba ya mapezi, mpaka kovu la ndoana. Anayeanza huhangaika na wino na brashi, na kumbe adui ni maji. Ute wa ngozini, unyevu uliojificha chini ya pezi, tone linalochuruzika kutoka tundu la haja katikati ya kazi: haya ndiyo yanayoharibu chapa. Na kwa joto la Lamu, samaki hakusubiri ujifunze. Ndani ya saa moja ameanza kulegea. Kwa hiyo maneno mengi hapa chini ni ya kusafisha na kukausha. Kupaka wino kwenyewe ni kazi ya dakika mbili.

Walioanzisha jambo hili walitaka ushahidi, si pambo. Chapa kongwe inayojulikana ni ya 1839, ya samaki wa maji baridi aliyevuliwa Edo, mji ambao leo ni Tokyo. Imehifadhiwa Tsuruoka, nchi ya watawala wa Shonai, ambako samurai walihimizwa kuvua kama sehemu ya mazoezi yao. Mvuvi aliyechapa samaki wake hakuweza tena kumrefusha kwa mikono barazani. Ila fahamu kwamba karatasi huuzunguka mwili, basi chapa hutoka pana kidogo kuliko samaki mwenyewe. Ukitaka kipimo cha kweli, mpime kwa futi kabla ya kumpaka wino.

Samaki gani

Anza na changu wa sentimita 25 hadi 35. Ni bapa, magamba yake makubwa huonekana moja moja, na pezi lake la mgongoni husimama bila kubembelezwa. Mkundaji naye ni mzuri, na sharubu zake mbili hupendeza zikichapwa. Pono ana magamba makubwa kuliko wote, lakini ute wake ni mwingi; mwache mpaka mkono uzoee. Kolekole ana magamba madogo mno, hivyo usitegemee ruwaza ya magamba. Uzuri wake uko kwenye mstari wa ubavuni na zile sahani ngumu karibu na mkia. Nguru hutoka kama kivuli tu, karibu hana gamba la kuonekana. Tewa anamvutia kila mtu kwa mdomo wake, na ndiye anayemshinda kila anayeanza: tumbo la mviringo, ngozi yenye ute, na magamba yaliyozama ndani.

Tafi ana miba yenye sumu mgongoni na tumboni, na huchoma hata akiwa amekufa. Kwa kuwa kazi hii ni ya kushikashika mapezi kwa vidole, mkwepe. Taa akatwe mwiba wa mkiani kwanza. Bunju mwache kabisa, usije ukasahau ukamtia jikoni.

Sokoni uliza samaki wa mshipi, yaani wa uzi na ndoana, au wa dema, ule mtego wa kusukwa. Wa jarife, yaani wa wavu, huwa amepoteza magamba shingoni pale nyuzi zilipombana, na kila gamba lililotoka litaonekana kama shimo kwenye karatasi. Mwambie muuzaji mapema asimpare wala asimpasue, maana mkono wake umezoea na kisu kitapita kabla hujamaliza kuhesabu pesa. Funga safari asubuhi, na mchukue akiwa na barafu. Kusi likivuma kwa nguvu vyombo havitoki sana na samaki hupanda bei, hivyo mazoezi ni bora yafanywe kaskazi.

Aliye Malindi atatamani sulisuli. Wengi wanaonaswa na wavuvi wa michezo hutiwa alama na kurudishwa majini, na hakuna chapa inayostahili kubadilisha hilo. Mbuga za taifa za baharini za Malindi na Watamu, zilizotangazwa 1968, haziruhusu kuvua ndani yake hata samaki mmoja, na kasa haguswi popote.

Kumsafisha

Mwoshe kwa maji baridi, kisha minya tumbo taratibu kutoka kifuani kuelekea tundu la haja mpaka kisitoke kitu. Nyunyiza chumvi laini, vijiko viwili vya mezani kwa kila upande wa changu wa sentimita 30, mwache dakika mbili, halafu msugue kwa sponji laini kutoka kichwani kwenda mkiani. Usisugue kinyume, magamba yatang'oka. Suuza, rudia. Mara tatu hutosha kwa changu. Pono hutaka tano. Kipimo ni kidole: kipitishe ubavuni, kikiteleza bado kuna ute, kikikwama kidogo yuko tayari.

Siki au nusu ndimu humalizia ute uliogoma, hasa kichwani na chini ya kidevu. Usizidishe dakika moja kabla ya kusuuza. Asidi huipika ngozi, nayo ikishapikwa huwa nyeupe na kuanza kumenyuka kwenye karatasi. Sabuni ya vyombo hufanya kazi haraka kuliko vyote, lakini basi huyo samaki hana tena safari ya jikoni.

Sasa ziba matundu. Kunja tishu, isukume kinywani mpaka kooni, weka nyingine chini ya kila kifuniko cha shavu. Tundu la haja lizibe kwa pamba ukitumia kijiti butu. Hatua hii watu huiruka, kisha hushangaa duara la manjano kwenye karatasi siku ya pili. Hilo ni maji ya ndani ya samaki, na halitoki.

Mkaushe kwa taulo, mgandamize bila kumsugua. Halafu kwa tishu ingia mahali penye mashimo: kwapa la pezi la ubavuni, ukingo wa shavu, mzunguko wa jicho, mashina ya mapezi yote. Mmalizie kwa feni dakika tano hadi kumi. Jua usilitumie, kwani hutoa mafuta ya ngozi juu na wino hukataa kushika.

Kumlaza

Lile povu gumu jeupe linalofungiwa televisheni linafaa sana. Chora umbo la samaki juu yake, chimba kina cha nusu ya unene wake, mlaze humo. Ubavu wa juu tu ndio ubaki umetokeza, na mapezi yawe sawa na uso wa povu. Bila shimo hilo mapezi huning'inia, karatasi hukunjamana pale tumbo linapoanza kuteremka, na mkunjo huo hutoka kama mshipa mweupe. Kama huna povu, tumia plaiwudi na uinue mapezi kwa udongo wa mfinyanzi au unga wa ngano uliokandwa mgumu.

Tandaza mapezi kwa pini, mbili nyuma ya kila mwiba mkubwa, ukizilaza upande. Washa feni robo saa. Mapezi yakikauka yatasimama yenyewe, na hapo toa pini zote. Ukiisahau moja karatasi itatoboka. Pezi la ubavuni lina tabia ya kujikunja juu ya mwili na kuacha doa jeusi lisiloeleweka. Litandaze, uweke kipande kidogo cha karatasi kavu chini yake wakati wa kupaka wino, kisha ukichomoe.

Chapa ya moja kwa moja hugeuza upande. Ukitaka samaki atazame kushoto kwenye karatasi, jinsi Wajapani wanavyopenda, mlaze kichwa kikielekea kulia.

Wino

Wino wa asili wa kazi hii ni sumi, masizi yaliyoshikwa na gundi ya ngozi au mifupa ya wanyama. Ukikauka vizuri kwa siku kadhaa huvumilia maji, na hilo ni muhimu utakapofika kwenye kubandika. Huku kwetu swali la gundi hiyo imetoka kwa mnyama gani ni la haki, hasa kama samaki ataliwa. Njia ya kulikwepa ni kutengeneza wako. Kusanya masizi kwa kukinga sahani juu ya mwali wa taa ya mafuta ya nazi, yayeyushe matone ya gundi ya mti katika maji, sehemu moja ya gundi kwa mbili za maji, na usage pamoja kwenye kioo kwa mgongo wa kijiko. Anza na gundi kidogo sana, kwa sababu masizi makavu hukataa maji na huruka. Kisiwa cha Pate si mbali, na mji wake wa Siyu ulisifika kwa waandishi wa misahafu, kwa hiyo wino wa kusagwa nyumbani si ugeni pande hizi. Kasoro yake ni moja: gundi ya mti huyeyuka tena ikilowa.

Rangi nyeusi ya akriliki hupatikana kwa urahisi zaidi, na ikikauka haiyeyuki. Taabu yake ni kwamba chini ya feni na joto hukauka kabla hujafika mkiani. Tia matone matatu au manne ya giliserini katika kijiko kimoja cha chai cha rangi, ongeza maji nusu ya hapo, utapata dakika mbili tatu zaidi. Ukizidisha giliserini, kwenye hewa yenye unyevu haitakauka wiki nzima. Wino wa ngisi au dome unaotoka mfukoni mwao, watu huuliza kila mara: unaandika, ndiyo, lakini huganda mabonge na harufu yake hukaa.

Karatasi

Washi, karatasi ya Kijapani ya nyuzi za mforsadi wa karatasi, ndiyo bora kwa sababu nyuzi zake ni ndefu. Huwa nyembamba na bado haichaniki ikilowa. Aliye mbali na washi atumie karatasi ya shashi nyeupe ya kufungia zawadi. Itachanika mara nyingi, kwa hiyo kata vipande vingi, kila kimoja kimzidi samaki kwa sentimita 8 pande zote. Karatasi ya mashine ya kuchapisha ni ngumu. Haifuati mwili, na itakupa mgongo na tumbo bila kitu katikati.

Kitambaa ni jibu ambalo pwani hulipuuza. Melimeli huchukua magamba vizuri na haichaniki. Bafta nayo inafaa kwa samaki wakubwa wa magamba makubwa, lakini ifue kwanza kwa maji moto kutoa kanji iliyotiwa kiwandani, kisha ipige pasi. Bafta mpya hubakiza wino juujuu na samaki hutoka na madoadoa.

Kuchapa

Funga feni, funga na madirisha ya upande wa bahari. Upepo ukiinua ukingo mmoja wa karatasi, chapa imekwenda.

Changu wa sentimita 30 hutumia kijiko kimoja cha chai cha wino, hata chini yake. Chovya brashi bapa laini ya inchi moja, ifute ubaoni mpaka isidondoshe, paka kutoka kichwani kwenda mkiani kwa ngozi nyembamba ya wino. Kisha, kwa brashi karibu kavu, rudi kinyume, mkiani kwenda kichwani. Mpigo huo wa kurudi huacha wino kwenye kingo za magamba, na ndio unaomfanya aonekane na magamba badala ya kuwa doa. Mapezi yapakwe mwisho kwa kuwa hukauka mapema. Jicho liruke. Futa wino wote uliomwagikia povu, ama utapata samaki mwenye kivuli.

Chapa ya kwanza fanya kwenye karatasi ya bei rahisi na uitazame kwa jicho kali, kwani inakueleza makosa yote. Mabaka meusi bila magamba yanasema wino umezidi au una maji mengi. Mfute kidogo kwa tishu, usiongeze kitu. Sehemu nyeupe katikati ya ubavu ni ute uliobaki au wino uliokauka. Mapezi yaliyoshikamana kama kipande kimoja yana maji chini yake. Mstari uliojirudia mara mbili mgongoni ni karatasi iliyosogea.

Kwa chapa ya kweli, shika karatasi kwa mikono miwili, iteremshe katikati ya mwili kwanza, halafu kichwa na mkia. Ikishagusa usiirekebishe hata kama imekaa upande. Mkono mmoja uishike mahali pamoja muda wote, mwingine ugandamize kwa nyama ya kidole kutoka katikati kuelekea kingo. Fuata ukingo wa shavu, mstari wa ubavuni, mdomo. Pezi ligandamizwe mwiba kwa mwiba, ukielekea ncha. Usisugue, shashi iliyolowa huchubuka na kuacha pamba. Wino ukionekana kupenya nyuma, hapo umefika, achana napo. Bandua kutoka mkiani, polepole.

Chapa ya pili kwa wino uleule, bila kuongeza, mara nyingi ndiyo nzuri kuliko zote. Baada ya nne au tano magamba yamejaa wino mkavu. Mwoshe, mkaushe upya, au mkubali amechoka.

Jikoni au shimoni

Samaki aliyepakwa wino wa masizi na gundi ya mti, akasafishwa kwa chumvi na ndimu tu, anaweza kuliwa akivuliwa ngozi. Wa akriliki au wino wa dukani asiliwe, hata umwoshe vipi. Na hata kwa wino salama, angalia saa. Kibua, jodari, nguru na jamaa zao wakikaa kwenye joto hutengeneza histamini nyamani, na moto hauiondoi. Mlaji huwashwa, hutapika, uso humwiva. Hao nusu saa nje ya barafu inatosha, na kama kazi imechukua zaidi, wazike chini ya mnazi. Pia usimuuzie mtu samaki wa mazoezi.

Jicho na maandishi

Acha chapa ikauke saa kadhaa, kisha chora jicho kwa brashi nyembamba ukiwa na picha ya samaki yuleyule, si kwa kukisia. Changu ana mboni kubwa iliyo juu kichwani. Acha nukta nyeupe ndogo kwenye mboni, iwe karibu na ukingo wa juu. Ikiwekwa katikati, samaki hushtuka.

Kimila Wajapani huandika aina, urefu, uzito, mahali, tarehe, jina la mvuvi na la shahidi. Mvuvi wa Lamu ana vya kuongeza vyenye maana: jina la chombo, alivuliwa wakati wa bamvua (maji makubwa) au maji mafu (maji madogo), kwa mshipi au dema. Andika kwa penseli nyepesi kwanza. Chapa nzuri imeharibiwa na mwandiko mbaya zaidi ya mara moja.

Kubandika mgongo

Chapa ya shashi ikikauka hukunjamana, na pasi haitoshi. Chemsha kanji ya mahindi, sehemu moja kwa tano za maji, ukikoroga mpaka ing'ae na kuwa nzito. Ipoze, ichuje kwa melimeli, iongeze maji mpaka iwe nyepesi kama tui la kwanza. Usitie shabu kuzuia ukungu. Ina asidi, na baada ya miaka karatasi itakuwa ya manjano na kuvunjika.

Laza chapa kifudifudi kwenye kioo, inyunyizie maji, inyooshe kwa brashi laini. Paka kanji, anzia katikati. Laza karatasi nene kidogo juu yake, ipige kwa brashi kavu kutoa hewa. Inua zote pamoja, paka kanji kwenye kingo tu za ile karatasi ya nyuma, uzibandike kwenye plaiwudi laini kwa siku mbili. Zikikauka hujivuta na kunyooka zenyewe. Kama wino wako ni wa gundi ya mti, usiijaribu hatua hii: samaki ataelea. Huyo mbandike kwa nukta nne za gundi kavu na umtie fremu.

Njia ya pili

Ipo njia nyingine ambayo wino haumgusi samaki. Karatasi yenye unyevu au melimeli hubandikwa mwilini kwa kanji nyepesi, ikaachwa ikaribie kukauka, kisha rangi hugongwagongwa juu yake kwa vifundo vya pamba vilivyofungwa kwa hariri, rangi nyepesi kwanza na nyeusi mwisho. Upande haugeuki, na samaki hubaki safi. Hutaka saa nyingi, na kwa joto letu hilo maana yake ni samaki aliyegandishwa nusu, feni, na tishu ya kufuta jasho la barafu kila mara. Anayeweza kuchapa changu kumi kwa njia ya kwanza bila duara la manjano ndiye aijaribu.

Chapa zilizokamilika zisiegemezwe kwenye ukuta wa mawe ya matumbawe, ambao hutoa chumvi na unyevu. Acha nafasi ya kidole nyuma ya fremu. Na kabla ya kumpa mtu zawadi, muulize. Ziko nyumba zisizotundika picha ya chenye roho ukutani. Kwa nyumba hiyo chapa jani la mkoko au mwani: husafishwa kwa maji matupu, hukaushwa vilevile, na hutaka wino nusu ya ule wa changu.